Vibarua wa mambo ya kale nao waandikiwe mikataba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana wa huku Njombe na Makambako wanaochukuliwa vibarua kwenye uchimbaji wa mambo ya kale. Wanachimba, wanachekecha udongo, wanabeba vigae na mavi ya chuma. Malipo ni ya kutwa, hayaandikwi popote, na mvua ikinyesha hakuna kitu.

Si jambo geni. Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, mamia ya wenyeji walichimba mifupa ya dinosaria na kuibeba vichwani hadi pwani. Mifupa ipo Berlin mpaka leo. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, angalau jina lake limebaki. Wengi wa wenzake hata hilo hawakulipata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu wafanyakazi 20 kuanzisha chama. Shida ni kwamba kambi huvunjwa mapema, watu hawajazoeana hata majina. Basi chama kiwe cha kambi zote, na Idara ya Mambo ya Kale isitoe kibali cha kuchimba kabla haijaiona mikataba ya vibarua.

Msomaji wako,
Makambako