Gharama ya kujiajiri isiyoandikwa daftarini

KWA miaka mingi vijana wa nchi hii wamehimizwa wajiajiri badala ya kuzunguka mijini na vyeti wakitafuta kazi. Wengi wameitikia. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2016 ulibaini kuwa nchi ilikuwa na biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4. Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano.

Zinapofungwa, lawama huelekezwa kwa uhaba wa mtaji, ushuru na askari wa kaunti. Uhusiano wa mwenye biashara na watu wake hautajwi.

Mwajiriwa akifiwa na shangazi huomba ruhusa, na mshahara wake hubaki ulivyo. Mama anayeuza mboga Kayole hana wa kumwomba ruhusa. Akifunga kibanda siku tatu kwenda matanga Siaya, nyanya zitaoza na wateja watazoea kwa jirani. Basi hutuma mchango kwa M-Pesa na kubaki kazini. Jamaa huupokea, ila wanakumbuka kwamba hakufika. Baada ya matanga matatu au manne ya namna hiyo, hata habari za harusi humfikia zikiwa zimechelewa.

Tatizo ni kuwa jamaa hao, pamoja na wenzake wa chama, ndio benki yake. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 2022, kiwango cha chini cha mkopo kilikuwa Sh500, zilizopaswa kulipwa kwa siku 14. Fedha hizo hazinunui hata kreti moja ya nyanya. Mtaji wa maana hutoka kwa watu wanaomwamini, na imani hiyo hujengwa kwenye vikao asivyopata nafasi ya kuhudhuria.

Walio karibu naye nao wana shida yao. Mteja wa kawaida hudaiwa waziwazi. Shemeji akikumbushwa deni la unga, husema umebadilika tangu upate duka. (Si ajabu wengine hufungua biashara katika mtaa wasikojulikana.)

Katika masoko kadhaa akina mama huachiana vibanda mmoja wao anapopatwa na msiba, na fedha za mauzo humsubiri mwenyewe. Kamati za masoko zingeweza kuuweka mpango huo katika kanuni zao, na haungehitaji hata shilingi moja ya serikali.