Panya wa maabara na damu ya watoto wetu: Tupime kabla ya ndoa

Panya kwetu hana jina zuri. Kuanzia Maili Moja na Mlandizi hadi Maneromango na Mzenga, kila mama anayeweka mahindi ndani anamjua. Anatoboa magunia, anakojolea chakula na anaacha maradhi. Usafi wa nyumba unatutaka tumfukuze, na hilo halina mjadala. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka nimzungumzie panya mwingine, yule anayefugwa katika maabara za watafiti. Huyo ametufundisha jambo kuhusu damu ya watoto wetu, na jambo hilo linatuuliza swali zito juu ya namna tunavyowaoza vijana wetu.

Maradhi yenyewe ni seli mundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Inakadiriwa kwamba hapa Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Katika mkoa wetu wa Pwani, penye mbu na malaria miaka nenda miaka rudi, si jambo la kushangaza. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwetu. Msiba huja pale mtoto anapoirithi kutoka kwa baba na mama, wote wawili.

Mtoto huyo huzaliwa akiwa mzima kabisa. Miezi ya mwanzo hucheka na kunenepa kama wenzake. Kisha, kuanzia karibu miezi sita, vidole vya mikono na miguu vinavimba, macho yanakuwa ya njano, damu inapungua na analia usiku kucha. Hapo ndipo maneno yanapoanza: mtoto kapigwa jicho la husda, mtoto kachezewa na majini, mama yake ana mkosi. Chale zinachanjwa, hirizi zinafungwa, na siku zinapita. Si mara moja nimesikia ndoa ikivunjika kwa sababu hiyo.

Kwa nini mtoto awe mzima kwanza kisha augue? Jibu limo ndani ya damu. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina yake, na hiyo haina kasoro. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima polepole na kuwasha ile ya ukubwani. Kama ya ukubwani ina kasoro, chembe nyekundu hupinda mfano wa mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu. Kumbe mtoto alikuwa akilindwa na himoglobini yake ya tumboni.

Nani anayeizima? Hapa ndipo panya anapoingia. Panya na binadamu wote wana jeni iitwayo BCL11A. Jeni hiyo hutengeneza protini ambayo kazi yake mojawapo ni kuifunga himoglobini ya utotoni. Mwaka 2011 watafiti wa Boston, Marekani, akiwemo Stuart Orkin, walichukua panya waliopandikizwa sikoseli ya binadamu, wakaizima jeni hiyo katika chembe zinazozalisha damu. Himoglobini ya utotoni ikarudi, na dalili za maradhi zikaondoka.

Hata hivyo, jeni hiyo haikuwekwa mwilini kwa kazi moja tu. Panya wanaozaliwa bila BCL11A kabisa hufa mara baada ya kuzaliwa, na hukosa chembe nyeupe zinazotengeneza kinga. Ubongo nao unaihitaji. Basi ilibidi watafiti watafute njia ya kuizima katika damu nyekundu peke yake, bila kugusa kwingine. Mwenye kuzingatia ataona jinsi Allah (s.w.) alivyopanga kiungo kwa kiungo.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka huo huo wa 2011, Profesa Julie Makani na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wagonjwa wa Muhimbili, wakaonyesha kwamba tofauti ndogo katika jeni hiyo zinahusiana na kiasi cha himoglobini ya utotoni alichobaki nacho mgonjwa. Hii ni sababu mojawapo ya wagonjwa wawili wa maradhi yale yale kutougua sawa.

Matunda yake yameonekana. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayotumia njia hiyo. Bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja! Mkulima wa mihogo wa Kisarawe aipate wapi? Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye sikoseli, jambo la kushukuru, lakini si kila mtoto atapata ndugu wa kumfaa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tusikae kusubiri tiba ya mamilioni ilhali kilicho mikononi mwetu tumekiacha. Kwanza, vijana wapime damu kabla ya ndoa, na masheikh wetu wawaulize wachumba swali hilo kama wanavyouliza habari za mahari. Mbebaji si mgonjwa. Akioana na asiyebeba, hakuna mtoto atakayezaliwa na sikoseli. Wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Si kwamba akishapatikana mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika.

Wapo watakaosema kupima ni kukosa tawakkul. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Majibu ni siri ya wahusika, na uamuzi ni wao.

Pili, mtoto mwenye dalili nilizozitaja apelekwe hospitali mapema, iwe Tumbi au ya wilaya Kisarawe. Akigundulika ataanzishiwa dawa za kinga, atalala ndani ya chandarua chenye dawa, na daktari ataangalia kama anafaa kupewa haidroksiyurea. Dawa hii ya kumeza huongeza ile ile himoglobini ya utotoni. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, pamoja na Uganda, Kongo na Angola, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Dua isiachwe, lakini isiwe kisingizio cha kuiacha dawa.

Tatu, tuache kumtuhumu mama. Jeni imetoka kwa wazazi wawili. Baba anayempa mkewe talaka kwa mtoto mwenye sikoseli amemwadhibu kwa kosa ambalo si lake, na nusu ya urithi huo ni wa kwake yeye mwenyewe.

Wallahu a'alam.