Waacheni watoto wamcheke King Majuto

Amri Athumani, mwana wa Tanga aliyejulikana kama King Majuto, alifariki Agosti 8, 2018. Lakini Morogoro, mjini hadi vijiji vya Uluguru, bado anawavunja mbavu hata watoto waliozaliwa baada yake.

Ucheshi wake ni rahisi kuufuata. Mara nyingi ni mzee mkali, mjanja, anayemtegea mwenzake mtego kisha unamnasa mwenyewe. Mtoto hahitaji kuelezwa.

Kuna sababu nyingine. Kimila mtoto hamcheki mkubwa, isipokuwa babu, maana huyo ni mtani wake. Waluguru wanaujua utani vizuri: kwao mtani huchekesha hata msibani, na hakuna wa kukasirika. Majuto ni babu wa namna hiyo. Anaumbuka mbele ya wajukuu, na bado wanampenda.

Mzazi, usimwachie mtoto simu peke yake, kwani baadhi ya vichekesho vina maneno ya wakubwa. Kaa naye, mcheke pamoja. Mtoto aliyezoea kucheka na baba yake haogopi kumwambia, "Baba, leo nimefeli mtihani."