MWANASHERIA WA HALMASHAURI NA WATOTO WA MARA

Wako wadhanio kuwa mwanasheria wa halmashauri kazi yake ni mikataba ya barabara na kesi za viwanja tu. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiwekea halmashauri wajibu wa kumlinda kila mtoto aliyemo katika eneo lake, na mtoto ni kila asiyetimiza miaka 18. Aonaye haki ya mtoto yavunjwa yampasa kuipasha habari halmashauri. Afisa wa ustawi wa jamii hupeleleza, kisha huiomba mahakama amri ya matunzo au ya usimamizi, naye mwanasheria humwongoza. Mashtaka ya jinai si yake: hayo ni ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Haya si maneno ya vitabuni kwa watu wa Musoma, Bunda na Butiama. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila mia walikuwa wamekeketwa, hali kwa nchi nzima ni 10. Msimu wake mkubwa ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wasichana wakimbiao hupokewa katika nyumba salama, kama zile za Mugumu na Kiabakari, wilayani Butiama, za shirika la Hope for Girls and Women, aliloliasisi Bibi Rhobi Samwelly. Msimu ukiisha, wazazi huitwa na kutia sahihi ahadi ya kutomdhuru binti yao. Ahadi ni njema. Lakini msichana aliyekeketwa huleta ng'ombe wengi wa mahari, na sisi twaona sahihi ni kitu chepesi mbele ya ng'ombe. Afisa asipomtembelea mtoto huyo mwezi Machi na Juni pia, karatasi yabaki karatasi.

Kuna na jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi pasipo kiapo, ila kwanza aahidi mahakamani kuwa atasema kweli wala hatasema uongo. Yametokea mashauri ambayo ahadi hiyo haikuandikwa, na ushahidi wa mtoto ukatupwa katika rufani. Mtoto amesema yote, mbele ya jamaa zake wenyewe, na sentensi moja iliyosahauliwa na watu wazima ikaharibu kazi!

Na sheria yenyewe ina upungufu. Ile ya mwaka 1998 yamwadhibu mlezi amkeketeshaye msichana aliye chini ya miaka 18: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Fedha hizo leo hazimnunui ng'ombe mmoja mzuri. Basi hakimu atozaye faini peke yake amemwachia mzazi faida. Tena aliyetimiza miaka 18 hakutajwa kabisa. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2011, hawakuweka mpaka wa umri, wala idhini ya mwanamke si utetezi.

Desemba haingoji Bunge. Msomaji aliye mbali na ofisi za halmashauri na apige simu namba 116, huduma ya watoto, bila malipo.