Kosa unalifanya kwa Kiswahili, kifungo kinatoka kwa Kifaransa

LUBUMBASHI – Kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Lushi, kuna maneno ambayo watu wanaandika chini ya kila habari ya kutisha: "Natuma vile nimepokea." Wanaoandika hivyo wanaamini kwamba maneno hayo yanawakinga. Habari ikiwa ya uongo, kesi itakuwa ya yule aliyeianzisha. Wanajidanganya. Na serikali, ambayo ndiyo ingewaambia kwamba wanajidanganya, inaongea nao kwa lugha ambayo wengi wao hawasomi.

Sheria yenyewe iko. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Rais wa Jamhuri alitia sahihi Code du numérique, ordonansi-sheria namba 23/010. Kifungu chake cha 360 kinamhusu mtu yeyote anayeanzisha ao anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu mwingine kwa njia ya mitandao ya kijamii ao chombo kingine cha elektroniki. Adhabu ni kifungo cha mwezi 1 mpaka miezi 6, na faini ya franka za Kongo 500.000 mpaka 1.000.000, ao moja kati ya hizo mbili. Anayeanzisha ao anayesambaza: sheria imewaweka wote wawili kwenye benchi moja.

Tuseme kuna mama mmoja wa Katuba, muuza makala. Grupu ya likelemba yao inapokea odio: sauti ya mtu asiyejulikana inasema kwamba mtunza pesa wa kamati ya wazazi amekula pesa za masomo. Mama anaisikiliza akipanga mifuko yake, anashtuka, anaipeleka kwenye magrupu mengine matatu. Kisha siku chache konvokasio inafika nyumbani. Imeandikwa kwa Kifaransa. Anayemsomea ni mtoto wake wa sekondari. Mbele ya OPJ mazungumzo yanakuwa mafupi.

"Shefu, mimi sikuandika kitu. Nilipokea tu, nikatuma."

"Mama, sheria inasema hata kutuma."

"Sheria gani hiyo, shefu? Ilipita kwenye redio gani?"

Watu wanaweza kucheka, lakini swali la mama huyo ndilo kubwa kuliko yote katika kesi hiyo, na Katiba yenyewe iko upande wake. Viongozi wanapenda sana kifungu cha 62 cha Katiba, kile kinachosema kwamba hakuna anayeweza kudai hajui sheria. Wanakitaja kwenye mikutano, wanakitaja kwenye parke. Kifungu cha 142 hawakitaji. Hicho kinasema kwamba Serikali inapaswa kueneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu sheria ilipotiwa sahihi. Lugha hizo ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kwa Code du numérique, siku 60 ziliisha tarehe 12 mwezi wa tano 2023. Nani katika komini ya Kenya, ya Ruashi ao ya Kampemba aliona karatasi hiyo kwa Kiswahili ikibandikwa kwenye ofisi ya komini? Nani aliisikia ikisomwa?

Wanasheria wengine watasema ordonansi-sheria si sheria iliyopigiwa kura na Bunge, kwa hiyo kifungu cha 142 hakiigusi. Kama ina nguvu ya kumfunga mama wa Katuba miezi sita, basi iwe na nguvu pia ya kutafsiriwa.

Jambo la pili ni baya zaidi. Kifungu cha 360 hakielezi "habari ya uongo" ni nini. Maneno yake hayasemi kama aliyetuma alipaswa kujua kwamba ni uongo. Kwa hiyo nani anaitumia? Si muuza makala aliyetukanwa na jirani; huyo hana pesa ya avoka wala ya kupanda taksi kila siku kwenda parke. Anayeweza kuitumia ni mkubwa ambaye jina lake limetajwa.

Kesi ya Stanis Bujakera inatosha. Mwandishi huyu wa Jeune Afrique na wa Actualite.cd alikamatwa tarehe 8 mwezi wa tisa 2023 kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, akijitayarisha kuja hapa Lubumbashi. Walimtuhumu juu ya habari iliyotoka katika Jeune Afrique kuhusu kifo cha Chérubin Okende, waziri wa zamani. Habari hiyo haikuwa na sahihi yake. Alikaa jela ya Makala zaidi ya miezi sita, na tarehe 18 mwezi wa tatu 2024 mahakama ikampa miezi sita na faini ya franka milioni moja. Siku iliyofuata alitoka, sababu kifungo alikuwa amekwisha kukimaliza kabla hakijatamkwa! Huyo ni mtu anayejulikana duniani, mwenye maavoka. Mama wa Katuba ataongea na nani?

Na asifikiri kwamba akisema ukweli tupu amepona. Sheria ya adhabu ya mwaka 1940, kifungu cha 74, inaadhibu anayemtaja mtu hadharani, kwa nia mbaya, kwa jambo maalum linaloweza kumvunjia heshima: siku 8 mpaka mwaka mmoja. Wanasheria wanafundisha kwamba hapo hata jambo likiwa la kweli linaweza kukuangusha. Facebook haikuwepo mwaka 1940, lakini ukuta wa Facebook ni hadharani.

Hii haimaanishi kwamba mitandao iachwe bila sheria. Hapa Katanga watu hawajasahau 1992 na 1993, wakati maneno ya chuki juu ya ndugu wa Kasai yalipogeuka kufukuzana, na watu wakalala kwenye stesheni za treni wakingoja mabehewa. Wakati ule hakukuwa na WhatsApp. Leo kijana anayerekodi odio ya kuita kabila lingine wadudu, kisha anajificha nyuma ya "ni mchezo tu", anastahili kuitwa mbele ya mwamuzi. Sheria ya kuzuia ukabila iko tangu 1966. Lakini kumfunga mtu sababu alisukuma odio juu ya pesa za masomo ni jambo lingine kabisa. Kwa kosa kama hilo jela iondolewe, ibaki faini, na aliyechafuliwa jina apewe nafasi ya kujibu katika grupu ileile.

Wakati huo haujafika, mtu anayeitwa afahamu mambo mawili, sababu pale kasho hakuna atakayemwambia. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema anayekamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoisikia, na asizuiliwe kupita saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mkubwa wa kisheria anayehusika. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya mawasiliano. Telefone haifunguliwi ovyo, ni kwa njia ambayo sheria imepanga. Jamaa wengi hawajui hayo, na wanaanza kuchanga pesa usiku uleule bila hata karatasi moja ya kuonyesha wanalipia nini.

Wanaoweza kutafsiri wapo. Chuo kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha sheria kilichojaa vijana waliokua wakiongea Kiswahili, na kila komini ina redio karibu. Kifungu cha 360 chote, kikisomwa polepole kwa Kiswahili, hakifiki dakika moja.