Mwenye Kuanza Rangi za Maji Afundishwe Kwanza Kuacha

Yako maneno tunayoyasikia mara kwa mara katika kazi yetu ya ualimu, nasi twaona hayafai kupita bila jibu. Husemwa hivi: mtu aanzaye kujifunza kuchora kwa rangi za maji na afundishwe kwanza kupaka vitu vyenyewe, jani alipake rangi ya jani, nyumba aipake rangi ya nyumba. Na ile kazi ya kupaka nyuma na kando ya kitu, kitu chenyewe kikaachwa bila kuguswa na burashi, na ingoje mpaka mwanafunzi awe fundi. Kabla ya siku hiyo, wasema, akihitaji kitu cheupe apewe rangi nyeupe, aitie juu ya picha mwisho wa kazi. Sisi twasema sivyo. Twasema ya kuwa kuacha ndilo somo la kwanza la rangi za maji, na mtu anayecheleweshewa somo hilo hupoteza miaka bure, na pengine huitupa burashi asiishike tena.

Kwanza na tuitazame rangi yenyewe, maana hoja yetu yatoka humo. Rangi ya mafuta ni nzito nayo hufunika. Mchoraji aweza kupaka giza leo, na kesho akaweka mwanga juu yake. Rangi ya maji si hivyo. Hiyo ni nyepesi kama kioo chenye rangi: mwanga hupita ndani yake, hufika kwenye karatasi, kisha hurudi machoni petu. Kwa hiyo mwanga wote wa picha ni weupe wa karatasi iliyo chini. Ukipaka njano juu ya buluu iliyokolea, ile njano haitang'aa kamwe. Basi mtu atakaye jani lenye mwanga mbele ya msitu wenye giza ana njia moja iliyonyoka, nayo ni kuupaka msitu na kuliacha jani. Waonaje? Je, jambo hili ni pambo la mafundi, au ni asili ya kazi yenyewe? Na ikiwa ni asili ya kazi, kwa nini lifichwe kwa mwenye kuanza?

Tena si jambo geni kwetu. Mtazameni fundi wa nakshi wa Lamu au wa Unguja atengenezapo mlango. Haleti ua kutoka mahali pengine akalibandika juu ya ubao. Huchora ua lake, kisha hushika patasi, akaondoa mti ulio kando yake, kidogo kidogo, na ua hubaki limesimama pale lilipokuwa tangu mwanzo. Mkulima naye apaliliapo hufanya vivyo hivyo. Jembe lake halikati mahindi, lakata magugu; naye amalizapo, mahindi ndiyo yaonekanayo. Mtoto aliyekwisha kupalilia shamba la mama yake amekwisha kujua nusu ya somo hili. Kilichobaki ni kumwonyesha ya kuwa burashi yaweza kufanya kazi ya jembe.

Kwa ushahidi twamleta Thomas Girtin, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1775 akafa mwaka 1802, umri wake miaka 27 tu. Mwaka 1800 alichora kwa rangi za maji mto Thames wakati wa jioni, mahali paitwapo Chelsea, na picha hiyo ni mali ya jumba la picha la Tate huko London. Mto ni mpana na umetulia. Nchi kavu ni ukanda mwembamba wa rangi za jioni. Anga ni kubwa. Na ng'ambo ya maji yaonekana nyumba moja ndogo nyeupe, na weupe wake waanguka majini. Jicho la kila mtazamaji huikimbilia nyumba hiyo. Lakini nyumba ile ni karatasi iliyoachwa. Girtin alipaka nchi, akapaka maji, akapaka anga; nyumba akaiacha. Na watu waliipa picha jina gani? Waliiita The White House at Chelsea, yaani Nyumba Nyeupe ya Chelsea. Picha nzima yajulikana kwa jina la kitu ambacho mchoraji hakukipaka.

Sasa tuyajibu maneno ya wanaotupinga, moja moja.

Husema, kwanza, ya kuwa kazi hii ni ngumu mno kwa mwenye kuanza. Twauliza, ugumu wake u wapi? Si katika mkono, maana mkono hufanya yale yale ufanyayo sikuzote. Tazameni jinsi ilivyo. Mwanafunzi apate karatasi nene, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita moja ya mraba, kwani karatasi nyembamba hukunjamana ikilowa. Apate burashi moja, kalamu ya risasi, kitambaa, maji safi, na rangi mbili au tatu. Alowanishe karatasi yote, kisha aipake rangi hafifu, njano na kijani zikichanganyika zenyewe. Aiache ikauke kabisa. Halafu achore majani mawili au matatu kwa kalamu. Achanganye rangi iliyokolea kidogo kuliko ile ya kwanza, apake nje ya ukingo wa majani yale, asiingie ndani. Na kabla rangi haijakauka, aoshe burashi, aikamue kidogo, aivute ile rangi kwenda mbali na jani mpaka ififie isionekane ukomo wake. Majani yale yatatokea papo hapo, nayo hayakuguswa.

Ikiisha kukauka, achore majani mengine yanayochungulia nyuma ya yale ya kwanza, akoleze rangi tena, apake nje ya yote, ya kwanza na ya pili. Kisha mara ya tatu. Mipako mitatu tu, na karatasi iliyokuwa tambarare imekuwa kichaka chenye kina: majani ya mbele yana mwanga, ya kati yana kivuli, na nyuma yake kuna giza. Hakuna hapo kitu kisichowezekana kwa mtoto wa miaka kumi, ila kungoja. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo si mapambo ya maneno. Apakaye juu ya rangi mbichi huiamsha rangi ya chini, na yote mawili huwa tope.

Makosa ya kazi hii ni machache, nayo yana dawa. Mpako wa pili ukifanana mno na wa kwanza, jani halitatokea. Dawa yake ni kukoleza, tena kuzidi kidogo kuliko macho yapendavyo, kwani rangi ya maji hupungua nguvu ikaukapo. Ukikoleza mno tangu mapema, hutakuwa na mahali pa kwenda katika mpako wa tatu. Basi panda ngazi kwa ngazi. Na ukisahau kufifisha upande wa nje, utabaki mstari mgumu kama uzio kuzunguka jani. Mwalimu ashindwaye kufundisha mambo haya matatu asimlaumu mwanafunzi.

Husema, pili, ya kuwa rangi nyeupe ipo, kwa nini tujisumbue? Hatufichi ya kuwa hoja hii ina wakubwa wake. Albrecht Dürer, Mjerumani, alimchora sungura wake mashuhuri mwaka 1502, naye alitumia rangi nyeupe pamoja na rangi za maji. Mwaka 1834 duka la Winsor & Newton huko London lilianza kuuza rangi nyeupe ya zinki kwa wachoraji wa rangi za maji, na Waingereza wakabishana juu yake miaka mingi, hawa wakiisifu, hawa wakiikataa. John Ruskin mwenyewe, katika kitabu chake The Elements of Drawing cha mwaka 1857, alishauri rangi nyeupe itumike. Wanaotupinga hupenda kumtaja.

Walakini hawakisomi kitabu hicho tangu mwanzo. Ruskin alikiandika kama barua tatu kwa watu wanaoanza. Na katika barua ya kwanza, kabla hajafika kwenye mambo ya rangi, amwagiza mwanafunzi achore matawi ya mti yaliyo mbele ya anga, na nafasi nyeupe zilizo kati ya matawi azichunguze kwa uangalifu ule ule wa mtu apimaye viwanja vyenye kesi barazani. Basi hata huyo shahidi wao aliweka mambo kwa taratibu yetu: kwanza jicho lijue nafasi, rangi nyeupe baadaye. Fundi aijuaye karatasi yake akitia nukta moja nyeupe juu ya jicho la ndege, hatumgombezi. Mwenye kuanza apewapo kichupa cha rangi nyeupe hafanyi hivyo. Hupaka nyumba nzima kwayo, na ile nyeupe hunywa rangi iliyo chini ikawa kijivu, au hukaa juu ya picha kama chokaa, bila ule mwanga utokao katika karatasi. Njia ya mwongo ni fupi.

Wako pia wauzao dawa ya kuzibia, iliyofanywa kwa utomvu wa mpira na amonia. Hupakwa mahali panapotakiwa kubaki peupe, na rangi ikiisha kukauka hubanduliwa. Hiyo nayo ina kazi yake, hasa kwa vitu vidogo vingi kama mvua au majani membamba. Lakini huharibu burashi isiyotunzwa, huacha kingo kali, na karatasi dhaifu huchanika nayo. Zaidi ya hayo, mwanafunzi aweza kuitumia mwaka mzima asijifunze kuona.

Husema, tatu, ya kuwa mwanafunzi hupenda kuchora kitu, si nafasi iliyo kando yake, na kumlazimisha ni kumwulia furaha. Hapa ndipo tunapohuzunika zaidi, maana tumeona kwa macho yetu kinachoiua furaha hiyo. Mtoto huambiwa achore kuku mweupe juu ya karatasi nyeupe. Ampake kwa nini? Nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Basi humzungushia mstari mweusi mnene, na kuku huwa kama mfuko uliofungwa kamba. Mtoto autazama mchoro wake, autazama ua ulio nje, anaona havifanani, naye hajui sababu. Akirudia mara tatu, nne, huambiwa hana kipaji, naye huamini, hukua nalo neno hilo mpaka uzee. Kumbe hakukosa kipaji. Alikosa mtu wa kumwambia: mwanangu, paka majani na udongo ulio nyuma ya kuku, na kuku atakuja mwenyewe.

Wazazi, na ninyi mnaojifunza peke yenu jioni baada ya kazi, mwajua ya kuwa karatasi nzuri na rangi havipatikani bure. Mwanafunzi asiye na fedha nyingi hawezi kulipia miaka ya kupotezwa njia. Afundishwe vema tangu karatasi ya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi.

Nanyi walimu wenzetu, twawasihi msilikubali neno letu hivi hivi tu, lijaribuni. Mwezi huu chukueni wanafunzi kumi wasiopata kushika burashi, muwape majani matatu na mipako mitatu kama tulivyoeleza. Kisha muwatoe nje, muwaulize wanaona nini kati ya matawi ya mwembe. Wakianza kuwatajia maumbo ya anga, huku wakibishana lipi ni kubwa na lipi limefanana na kichwa cha mbuzi, mtajua ya kuwa macho yao yamefunguka. Baada ya hapo, wafundisheni rangi nyeupe mkipenda.