MSUMENO UKATE MBELE NA NYUMA

Ndugu Wafanya Kazi,

Mwezi uliopita karani mmoja wa ofisi ya mizigo alifutwa kazi. Alikutwa saa nane akicheza kamari ya mpira katika kompyuta ya kazi. Saa kumi alipewa barua. Hakuitwa wala hakuulizwa neno.

Tusidanganyane: kosa ni kosa. Kompyuta ile imewekwa kwa kuandika mabehewa na mizigo ya watu, si kwa kubahatisha magoli. Chama hakitetei uvivu.

Lakini twauliza: na msimamizi wake je? Sote wa ofisi ile twajua kwamba mwaka jana naye alikutwa katika kamari iyo hiyo. Aliambiwa "usirudie," akamaliza chai yake, akaendelea na kazi. Kosa ni moja, watu ni wawili. Mmoja aonywa, mwingine atupwa nje. Hiyo si nidhamu, ni upendeleo.

Mabwana husema, "Kompyuta ni mali yetu, tutafanya tupendavyo." Sivyo! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba hata kwa kosa kubwa, mwajiri lazima amweleze mtu sababu kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza kwanza, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Kifungu cha 45 chaagiza kutazama jinsi mwajiri alivyotenda zamani katika mambo ya namna hiyo, na kama mtu alikuwa na barua za onyo. Basi lile onyo la msimamizi ni ushahidi wa karani.

Kama iko tofauti ya kweli kati yao, ionyeshwe. Cheo si tofauti. Mwenye cheo ndiye apaswaye kuwa mfano.

Wengine wetu wamesema, "Alijitakia." Ndugu, ukuni ulio juu ya uchaga usicheke ulio motoni. Leo ni kamari. Kesho ni wewe uliyepiga chapa barua ya shule ya mtoto wako.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Ukiitwa kwa kosa, usiingie peke yako. Mwite mwakilishi wa chama.
2. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.
3. Usimpe mtu neno lako la siri la kompyuta. Kosa lake litaandikwa kwa jina lako.
4. Ukifutwa, njoo chamani upesi. Malalamiko kwa Ofisa wa Leba hupelekwa ndani ya miezi 3. Mahakama yaweza kuamuru urudishwe kazini, au ulipwe hadi mishahara ya miezi 12.

Twataka karani huyu aitwe na asikilizwe. Akionekana na kosa, apewe adhabu ile ile aliyopewa mkubwa wake, isizidi. Sheria ni msumeno. Atakaye kuushika aukubali meno yake pande zote mbili.

Umoja ni nguvu.

Mfanya Kazi wa Reli